Meza ya Kujazia Risasi: Kutoka Moshi 1915 hadi Dzaleka

Mwanzoni mwa muhula mwalimu wetu wa historia alitutaka kila mmoja aandike juu ya kitu kimoja kilichovuka mpaka pamoja na familia yake. Wenzangu walichagua sufuria, redio, Biblia yenye majina ya watoto waliozaliwa njiani. Mimi nilichagua kijiko. Ni kijiko kidogo cha shaba, mpini wake umekatwa nusu, na ukingo wake umesuguliwa kwa tupa hadi ukawa sawa kabisa. Bibi yangu anakitumia kupimia amira ya maandazi anayouza asubuhi hapa Dzaleka. Nimekua nikikiona kila siku, na sikuwahi kujiuliza kwa nini kijiko cha jikoni kisuguliwe kwa tupa.

Nilipomwomba Bibi nikipige picha, alicheka. "Hicho ni cha babu yako. Kilipima baruti kabla hakijapima amira." Babu alikuwa amekaa mlangoni na redio yake. Akaizima. "Mama, mambo ya baruti hayazungumzwi hapa," alisema, kisha akanigeukia: "Na wewe mjukuu wangu, hayo usiyaandike."

Msomaji asiyeishi hapa atashangaa. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 palikuwa jela, ambapo serikali ya Kamuzu Banda iliwafungia wapinzani wake. Jina lenyewe kwa Kichewa huelezwa kuwa ni maneno ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Sisi tuliokuja baadaye kutoka Kongo, Burundi na Rwanda hatukuletwa kwa kosa, lakini kila mmoja wetu amekalishwa mbele ya meza na kuulizwa maswali. Babu aliulizwa, miaka mingi iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, kama amewahi kushika silaha. Alijibu kwa urefu: alikuwa mwindaji, alikuwa na bunduki ya kalibari 12, alijaza risasi zake mwenyewe nyumbani. Mkalimani akatafsiri kwa maneno mawili matatu, na afisa akaandika kwa muda mrefu. Tangu siku ile Babu anaamini kwamba faili lake lilisimama pale. Hana ushahidi, nami sina. Ila ndivyo ilivyokuwa kwamba neno baruti lilifutwa katika nyumba yetu kwa miaka zaidi ya ishirini.

Mwishowe alikubali, kwa masharti mawili: jina lake lisitajwe, na kijiji chake kisitajwe. Nitasema tu kwamba ni katika milima ya Fizi, Kivu ya Kusini, na milima hiyo ni mikubwa ya kutosha kumficha mtu.

Kazi yenyewe sitaieleza hatua kwa hatua. Babu hakuniruhusu, na insha ya historia haihitaji. Ninachotaka kueleza ni meza. Ilikuwa chini ya dirisha la upande wa mashariki, na kazi ilifanyika asubuhi tu, kwa mwanga wa jua. Taa haikuruhusiwa kukaribia. Baruti ilikaa juu kwenye rafu, ndani ya chupa yenye kizibo. Fataki, yaani vile vikombe vidogo vya shaba vinavyolipuka vikigongwa, vilikaa ndani ya kopo katika chumba kingine kabisa, chini ya kitanda. Marisau ya risasi yalikaa popote. "Hayo hata mtoto achezee," Babu alisema. Meza ilikuwa na sehemu tatu zilizogawanywa kwa vipande vya mbao: maganda matupu kushoto, yanayojazwa katikati, yaliyokamilika kulia, na hakuna ganda lililoruhusiwa kurudi nyuma. Maganda yalikuwa ya karatasi nene yenye kitako cha shaba, ya Ubelgiji. Kila lilipojazwa upya alilichora mchoro mmoja kwa kisu kwenye kitako. Ganda lenye michoro mingi, au lililoanza kupasuka mdomoni, lilitupwa chooni ili watoto wasiliokote.

Bibi anakumbuka meza hiyo kwa namna yake. Anasema vitenge vyake vilipungua. Kati ya baruti na marisau panahitajika kizuizi kinachoshindiliwa, na karatasi nzito ilipokosekana Babu alikata pembe za kitenge. "Wanyama wa Fizi waliuawa kwa nguo zangu," alisema.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba sikuwa naandika juu ya kijiko. Katika Kiswahili cha leo tunasema risasi, na tunamaanisha kitu kizima kinachoingia kwenye bunduki. Lakini risasi kwanza ni jina la madini, ile metali laini nzito ya kijivu. Kamusi za zamani zina neno jingine kwa kitu kizima: kiasi. Kiasi cha bunduki, viasi vya bunduki. Ni neno lile lile la kupima. Waliolitumia walijua kwamba bunduki bila kipimo cha baruti ni fimbo, na kwamba baruti isiyopimwa ni hatari kwa mwenye bunduki kuliko kwa mnyama. Babu hakuwahi kusoma kamusi hizo. Hata hivyo aliponisimulia juu ya kijana wa jirani aliyejaza kwa kukisia, bunduki ikampasukia na kumng'oa vidole viwili, alisema hivi: "Alipita kiasi." Nimeyasikia maneno hayo mara elfu yakisemwa juu ya walevi na wenye hasira. Sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kuwa na maana ya moja kwa moja kiasi hicho.

Nadhani historia yetu ya karne ya 19 ingesomeka tofauti kama tungefuata baruti badala ya bunduki. Vitabu tunavyosoma huhesabu bunduki: ngapi ziliingia Unguja, ngapi zilikwenda bara. Lakini bunduki hudumu miaka arobaini, na baruti huisha siku moja. Mwenye uwezo ni yule anayeweza kujaza tena. Sayyid Said bin Sultan alilijua hili. Mkataba wake na Wamarekani wa mwaka 1833 uliwaruhusu kuuza bidhaa zao kwa uhuru katika nchi zake, isipokuwa jambo moja: kisiwani Unguja, bunduki, baruti na risasi ziliuzwa kwa serikali peke yake. Mtu anayeandika sharti kama hilo ameshafikiri nani atajaza na nani atakosa.

Huku Malawi kisa cha namna hiyo kiko karibu nasi zaidi ya tunavyodhani. Wengi hapa kambini husema Kiswahili kimekuja Malawi na wakimbizi. Kilikuja mapema zaidi. Majumbe wa Nkhotakota, ng'ambo tu ya wilaya yetu kuelekea ziwani, walikuwa wafanyabiashara waliotoka pwani na kujenga mji wao katikati ya karne ya 19. Kaskazini, Karonga, Mlozi na wenzake Kopa-Kopa na Msalemu walijenga maboma ya miti na udongo, wakapigana na Kampuni ya Maziwa ya Afrika na Wangonde kuanzia mwaka 1887. Frederick Lugard, ambaye jina lake lilikuja kuwa kubwa Uganda na Naijeria, alijeruhiwa akishambulia boma la Kopa-Kopa mwaka 1888. Alirudi na mzinga mdogo, na mzinga ukashindwa kuyabomoa maboma. Vita vikakwama, na mwaka 1889 Harry Johnston akafunga mkataba na Mlozi. Mwaka 1895 Johnston akarudi na mizinga na askari wa Kisikh kutoka India, akaliteka boma, na Mlozi akanyongwa mwezi Desemba.

Tunafundishwa kisa hicho kama vita vya watumwa na wakombozi, na utumwa ulikuwepo kweli; Wangonde waliuawa na kutekwa, na sitaki kuupamba ukatili huo kwa sababu tu waliofanya walisema lugha yangu. Lakini kuna jambo lilitokea katikati, kati ya 1889 na 1895. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba dhidi ya biashara ya watumwa. Ndani yake mna sharti juu ya silaha: katika Afrika yote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa na risasi zake zisiingizwe isipokuwa kwa watu wa serikali na wachache wenye kibali. Kilichoweza kuruhusiwa kwa wenyeji ni bunduki ya gumegume, ile ya kujazwa mdomoni na kuwashwa kwa jiwe, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ile nyeusi yenye moshi mwingi.

Nimelisoma sharti hilo mara nyingi. Linatueleza kwa nini bara zima kutoka Kongo hadi Nyasa lilibaki na gobori wakati dunia ilikuwa imeshaacha. Si kwamba watu hawakujua bunduki bora. Sheria iliwachagulia bunduki ambayo kila inapopigwa inatoa wingu jeupe la kumwonyesha adui mahali ulipo. Wahunzi wakabaki na kazi ya kutengeneza mitambo iliyovunjika, kuchonga midekea mipya ya kushindilia, na kuyeyusha risasi.

Mzee mmoja Mchewa, jirani yetu upande wa mashamba, aliniambia kwamba gobori kwao huitwa gogodera. Nilipomwuliza kwa nini, aligonga meza kwa ngumi kama anayebisha hodi, kisha akafanya kama anayeshindilia kitu ndani ya mtungi. Sikuhitaji mkalimani. Aliniambia pia niende Lilongwe, soko la mji wa kale, kwa mafundi wa mabati, labda nitampata mwenye kujua zaidi. Nilikwenda. Mafundi hao hutengeneza ndoo za kumwagilia tumbaku, karai, majiko, na kelele ya nyundo zao husikika kabla hujawaona. Nilimsalimu mzee kuliko wote, nikamwuliza kwa heshima kama baba zake walitengeneza gogodera. Nyundo ilisimama. Alinitazama, akaangalia daftari langu, akasema yeye hutengeneza ndoo. Kisha akaendelea. Nilinunua jiko dogo kwa aibu, nikapanda basi dogo la kurudi. Babu alipoliona alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze mambo haya. "Umeona? Hata yeye ana faili."

Sasa nifike Moshi, ambako ndiko nilikokuwa nikienda tangu mwanzo bila kujua.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Kijerumani katika Afrika Mashariki zilikuwa na bunduki ya mtindo wa 1871, yenye baruti nyeusi ya moshi. Hawa walikuwa askari wa dola, wenye buti na mshahara, lakini walipewa kitu kilichokuwa karibu na gobori kuliko bunduki za adui zao. Jenerali wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika baada ya vita kumbukumbu zake, na hakuficha ubaya wa moshi huo: anayepiga kwa baruti nyeusi huonekana, na anayempiga kwa baruti isiyo na moshi haonekani. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Karonga, pale pale kwa Mlozi, na wengi waliokufa pande zote walikuwa Waafrika. Mwezi Novemba, Tanga, Wajerumani walishinda na kuokota bunduki na risasi nyingi zilizoachwa na jeshi lililotoka India. Hizo ziliwasaidia kwa muda.

Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Kiingereza. Kisha mwezi Aprili 1915 ikaja meli moja kutoka Ujerumani, iliyojifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg. Manowari Hyacinth iliifuata hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliiachia maji iingie ili izame kwenye kina kifupi isiungue. Waingereza wakaondoka wakidhani mambo yamekwisha. Shehena ikaanza kuopolewa: bunduki za mtindo mpya, na risasi kwa mamilioni, zote zimelowa maji ya chumvi.

Vitabu vingi huishia hapo kwa shangwe: meli imefika, jeshi limepata risasi. Lettow-Vorbeck mwenyewe haishii hapo. Anasema baruti na fataki zilikuwa zimeharibika kwa maji ya bahari, hivyo hapakuwa na njia isipokuwa kuzifungua risasi zote moja moja, kusafisha baruti, kubadilisha fataki nyingine kwa mpya zilizopatikana nchini, na kuzifunga tena. Kazi hiyo ilifanyika Moshi Mpya, mwisho wa reli ya Usambara, mji tunaouita leo Moshi tu. Kwa miezi mingi, anasema, askari wote walioweza kupatikana walikaa kutoka asubuhi hadi jioni wakijaza risasi. Zilizosalimika bila kulowa ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha. Zilizojazwa upya zilijaribiwa. Zile zilizokataa kulia kwa kiasi cha asilimia 20 zilitunzwa kwa vita. Zilizokataa zaidi ya hapo zilitumika kwa mazoezi.

Nilisoma ukurasa huo Lilongwe, katika maktaba, nikitafsiri polepole kutoka Kiingereza, na nilirudi nyuma mara tatu kuhakikisha nimeelewa. Asilimia 20 ndizo zilizokuwa nzuri. Askari anapiga mara tano, na mara moja katika hizo tano anasikia kidude kikigonga na hakuna kinachotokea, na adui yuko mbele yake. Nilitaka kujua nani walikuwa wamekaa kwenye meza hizo. Kitabu hakisemi. Kinataja maofisa wa Kijerumani kwa majina, kinataja nahodha wa meli, kinataja hata ng'ombe na kwinini. Waliofungua mamilioni ya risasi kwa mikono na kuzifunga tena ni "askari". Hatujui walitoka wapi, Unyamwezi, Umanyema, Sudani, au kama wake zao waliofuatana na jeshi waliketi nao. Mimi nadhani waliketi, kwa kuwa najua habari ya vitenge vya Bibi, lakini hilo ni wazo langu na silitoi kama ushahidi.

Jioni hiyo nilimsomea Babu. Nilianza na asilimia, kwa makosa yangu.

"Ishirini katika mia?" alisema. "Huyo fundi ningemfukuza. Mimi moja ikinyamaza katika ishirini, nilikuwa naona haya mbele ya wenzangu."

Nikamwambia kwamba zilikuwa zimekaa ndani ya maji.

"Maji ya mvua?"

"Ya bahari, Babu. Meli ilizama, zikaopolewa."

Alinyamaza. Akaniuliza zilikaa siku ngapi. Nikamwambia kazi ya kuopoa ilichukua muda. Akauliza kama ilikuwa baruti nyeusi au ya kisasa, akauliza walianika wapi, juani au kivulini, akauliza Moshi ni mahali pa unyevu au pakavu. Sikuwa na jibu la maswali hayo, na ni maswali bora kuliko yote niliyoulizwa darasani mwaka huu. Mwisho akasema: "Chumvi haitoki kwenye shaba. Inakula kimyakimya. Kama walipata nane katika kumi, hao walikuwa mafundi." Akarudia: "Walikuwa mafundi kweli." Kwa miaka mingi sikuwa nimemwona akiongea juu ya watu asiowajua kwa heshima namna hiyo.

Risasi hizo zilipigana mwaka mzima na zaidi. Meli ya pili, Marie, ilifika Sudi mwezi Machi 1916. Hatimaye hazikutosha, na mwezi Novemba 1917 Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kwa kikosi kidogo, akaiteka kambi ya Wareno Ngomano na kuchukua bunduki na risasi zao. Alijisalimisha Abercorn, Mbala ya leo, mwezi Novemba 1918. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo, wa pande zote, ni wengi kuliko askari kwa mbali, na yeyote anayemsifu jenerali huyo kwa ujanja wake aanze na hesabu hiyo.

Upande huu wa ziwa, miezi michache kabla ya Kronborg, kulikuwa na watu waliokosa meza kabisa. John Chilembwe alikuwa ameandika barua gazetini kulalamika kwamba Waafrika wa Nyasaland wanakufa katika vita visivyowahusu. Mauaji ya Karonga yalikuwa bado mabichi. Usiku wa tarehe 23 Januari 1915 watu wake walipoasi, kundi moja lilikwenda Blantyre kuvunja ghala la Kampuni ya Maziwa ya Afrika, kwa sababu huko ndiko zilikokuwa bunduki na risasi. Walifukuzwa wakiwa wamepata chache. Kampuni ile ile iliyokuwa imepigana na Mlozi ndiyo iliyoshika ghala. Uasi ulimalizika kwa siku chache, na Chilembwe akauawa mwanzoni mwa Februari. Kila mwaka tarehe 15 Januari Malawi hupumzika kwa heshima yake, nasi wakimbizi hupumzika pia.

Naweza kupingwa hapa. Rafiki yangu mmoja wa darasa, aliyesoma rasimu, alisema kwamba naipa heshima kazi ya kutengeneza mauti, na kwamba sisi tuliokimbia risasi tungepaswa kuwa wa mwisho kuisifu. Nimeifikiria hoja hiyo kwa siku kadhaa. Milima ya Fizi imeona vita vingi. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuja kuwasaidia waasi wa huko, akaondoka mwaka huo huo bila mafanikio. Babu alikuwa kijana wakati ule, na anasema mtu aliyekutwa na maganda mkononi aliweza kupigwa na wanajeshi asubuhi na waasi jioni. Mwaka 1996 vita vilipokuja tena, aliichoma meza yake kwa kuni za jikoni, akatumbukiza chupa ya baruti mtoni, akaondoka na familia. Bunduki aliizika. Kijiko alikisahau mfukoni.

Kwa hiyo simjibu rafiki yangu kwamba amekosea. Namjibu kwamba kunyamaza hakujatulinda. Mkalimani wa Babu hakuwa na neno la mwindaji anayejaza viasi vyake mwenyewe, akatumia neno alilokuwa nalo. Vitabu vya vita navyo havina neno la watu wa Moshi. Kama hakuna anayeandika kwamba kulikuwa na kazi ya namna hii, iliyofanywa nyumbani chini ya dirisha ili familia ile nyama, basi kila anayeijua atahesabiwa kuwa mpiganaji, na kila mpiganaji ataonekana kama aliyepigana peke yake bila meza ya mtu nyuma yake.

Kuna kisa kimoja ambacho husimuliwa katika vitabu juu ya askari wale. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa wazee waliobaki mishahara yao ya vita. Afisa wa benki akaja Mwanza, wakajitokeza wazee mia kadhaa. Wachache tu walikuwa na karatasi. Wengine walikuja na mabaki ya sare, na wengine mikono mitupu. Inasimuliwa kwamba afisa huyo aliwapa ufagio mmoja baada ya mwingine, akawaamuru kwa Kijerumani wafanye mazoezi ya bunduki, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Nilimsimulia Babu kisa hicho wiki iliyopita, Bibi akikanda unga wa kesho. Nikamwuliza: kama katika wale wazee alikuwemo mmoja ambaye hakushika bunduki, aliyekaa Moshi mwaka mzima kwenye meza ya kujazia, angethibitishaje mbele ya yule afisa? Babu alifikiri kidogo. Akanyoosha mkono, Bibi akampa kijiko bila kuuliza. Akakichovya kwenye kopo la amira, akakiinua kimejaa kilima, akapitisha kidole cha shahada juu ya ukingo mara moja. Kilichozidi kikarudi koponi. Kisha akakitazama kijiko dhidi ya mwanga wa mlango, akampa Bibi, naye akakimimina kwenye unga.